Dawa ya mifupa ikikusumbua, rekebisha kabla ya kuacha

Wengi wanaoandikiwa dawa ya osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi, huiacha kimyakimya kabla mwaka haujaisha. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: dawa imenikataa. Kifua kinawaka, tumbo limejaa, viungo vinauma. Sehemu kubwa ya maudhi hayo hutulizwa bila kuacha tiba, na mengine huisha mara tu unapobadilisha namna ya kumeza kidonge. Yapo machache ambayo si ya kuvumilia hata siku moja. Hapa tunayatenganisha, dawa kwa dawa.

Anza na jina lililo kwenye boksi

Ushauri unaomfaa mtumiaji wa dawa moja unaweza kumdhuru mtumiaji wa nyingine, kwa hiyo usisome lolote mbele kabla hujajua yako ni ipi.

Kundi kubwa ni la bisfosfonati. Humo kuna alendronati, ambayo wengi huijua kwa jina la Fosamax, kwa kawaida miligramu 70 mara moja kwa wiki. Risedronati, mara nyingi miligramu 35 kwa wiki. Ibandronati, miligramu 150 mara moja kwa mwezi. Na asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka. Nje ya kundi hilo kuna denosumabu, au Prolia, sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Teriparatidi, sindano ya kila siku. Romosozumabu, sindano za kila mwezi kwa mwaka mmoja. Na raloksifeni, kidonge cha kila siku kwa wanawake waliokoma hedhi.

Jambo moja la kushika tangu sasa: bisfosfonati hung'ang'ania kwenye mfupa na kubaki humo kwa miaka. Ukiiacha wiki mbili huku ukitafutia dawa kiungulia, mifupa haipotezi kitu cha maana. Denosumabu haina akiba ya namna hiyo, na ukiiacha hovyo unaweza kuwa pabaya kuliko ulipoanzia. Tutalirudia hilo mahali pake.

Asubuhi ya kidonge

Mwili hunyonya chini ya asilimia 1 ya alendronati unayomeza, tena hapo tumbo likiwa tupu kabisa. Kahawa au juisi ya machungwa hupunguza hata hicho kidogo kwa takriban asilimia 60. Upande wa pili, kidonge kikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kinabandika pale na kubabua ukuta wake. Masharti yote yanayofuata yanatokana na mambo hayo mawili.

1. Chagua siku moja ya wiki ambayo asubuhi yake haina haraka, uiandike juu ya boksi.

2. Ukiamka, kabla ya kitu chochote kupita mdomoni, simama au keti wima na umeze kidonge kizima kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, mililita 200 hadi 240. Glasi nzima, si mafundo mawili. Maji ya chupa yenye madini mengi hayafai kwa sababu kalsiamu iliyomo huishika dawa isinyonywe.

3. Usikitafune wala kukimung'unya. Kikianza kuyeyukia mdomoni huacha vidonda kwenye ulimi na koo.

4. Baki wima dakika 30 kwa alendronati na risedronati, dakika 60 kwa ibandronati. Keti, tembea, oga, piga pasi. Kuegemea mito kitandani si kuwa wima.

5. Muda ukiisha, kula kwanza. Hata kama unataka kurudi kulala, usilale kabla ya kupata mlo wa kwanza wa siku.

6. Vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi visubiri. Kwa maelekezo ya dawa dakika 30 zinatosha, au 60 kwa ibandronati, lakini ni salama zaidi kuvisogeza hadi mlo wa mchana au wa jioni ili usipate nafasi ya kukosea.

Kosa linalowaumiza watu zaidi ni kumeza kidonge usiku wakati wa kulala, kwa imani kwamba usingizi utapitisha maudhi. Ukilala chali, asidi ya tumbo hupanda na kidonge, na mate huwa machache ya kuisukuma irudi. Kosa la pili ni maji kidogo. Mtu mwenye mdomo mkavu anywe mafundo mawili ya maji kwanza kulainisha koo, ndipo ameze.

Umesahau siku yako? Kidonge cha wiki kimezwe asubuhi inayofuata siku uliyokumbuka, kisha urudi kwenye siku yako ya kawaida. Kamwe usimeze viwili siku moja. Kwa ibandronati ya mwezi, kama dozi ijayo iko mbali zaidi ya siku 7, meza asubuhi inayofuata. Ikiwa imebaki wiki moja au pungufu, subiri tarehe yako.

Umefuata yote na bado kifua kinawaka

Pima kwanza kiungulia chako ni cha aina gani. Kile kinachokuja siku ya kidonge tu, kikaisha kesho yake, kinaelekea kuwa cha dawa. Kinachokuja kila siku, hata siku tano baada ya kidonge, kina uwezekano mkubwa wa kuwa na chanzo kingine. Katika majaribio makubwa ya alendronati, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake nao walilalamikia tumbo kwa kiwango kinachokaribiana na waliopewa dawa yenyewe. Angalia ni nini kingine unachomeza: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Dawa hizi za maumivu huchokoza tumbo zenyewe, na zikikutana na alendronati huongeza uchokozi. Mara nyingi tatizo huisha kwa kubadilisha dawa ya maumivu, ya mifupa ikabaki ilivyo.

Hali zifuatazo ni za kusimamisha kidonge siku hiyo hiyo na kumpigia daktari: kumeza kunauma, chakula kinahisi kukwama, maumivu mapya katikati ya kifua, kiungulia kilichozidi ghafla, kutapika damu au choo cheusi kama lami. Kwa aliyewahi kuambiwa umio wake ni mwembamba au haufunguki vizuri, na kwa asiyeweza kuketi wima nusu saa, kidonge hiki hakimfai tangu mwanzo, hata kama hasikii maumivu.

Kama ni kero tu isiyo na dalili hizo, zipo njia za kati kabla ya kukata tamaa. Kuna alendronati ya kuyeyusha: tembe huwekwa kwenye mililita 120 za maji ya kawaida yasiyo baridi, unasubiri povu liishe kisha dakika 5 zaidi, unakoroga kama sekunde 10, unakunywa. Nusu saa ya kukaa wima iko pale pale. Wengine hutulia wakihamia risedronati. Na wengine inabidi tumbo liachwe kabisa, dawa ipitie mshipa au chini ya ngozi.

Tusichokipenda ni desturi ya kuongeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa muda usiojulikana ili kidonge cha mifupa kivumilike. Dawa za jamii hiyo zikitumika kwa muda mrefu zimehusishwa na kuvunjika mifupa, kwa hiyo unatibu kwa mkono mmoja na kudokoa kwa mwingine. Wiki chache kwa agizo la daktari, sawa.

Dripu ya mwaka na homa inayoifuata

Kama mtu 1 kati ya 3 hupata homa, baridi, kichwa kuuma na mwili mzima kuchoka baada ya dripu ya kwanza ya asidi ya zoledroniki. Si malaria wala si mzio; ni kinga ya mwili imeamka. Huanza ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi huisha ndani ya siku 3. Mwaka wa pili wanaoipata huwa wachache sana, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, hivyo huikimbia dripu ya pili bila sababu.

Kabla ya siku yenyewe, hakikisha vipimo vya damu vimeangaliwa: kalsiamu, vitamini D na ufanisi wa figo. Ufanisi wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, dripu hii haitolewi. Kalsiamu ikiwa chini, inarekebishwa kwanza. Siku ya dripu kunywa glasi mbili za maji saa chache kabla, na kula kama kawaida. Dawa inapaswa kuingia kwa muda usiopungua dakika 15. Ukiona inamiminwa haraka kuliko hapo, sema. Kasi kubwa ndiyo inayoumiza figo.

Parasetamoli ndiyo ngao yako. Gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa 6 kwa siku tatu, isipite gramu 4 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe nyingi au mwenye uzito chini ya kilo 50 apewe kipimo kidogo zaidi na daktari. Hesabu pia parasetamoli iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Panga dripu siku ambayo kesho yake huna kazi nzito.

Homa ikipita siku 3, au jicho likawa jekundu, likauma na kukerwa na mwanga, usiendelee kujitibu nyumbani. Jicho la namna hiyo linahitaji daktari wa macho siku hiyo hiyo. Hutokea mara chache, na hutokea hata kwa wanaomeza vidonge.

Denosumabu: tarehe ni sehemu ya dawa

Sindano hii huvumilika vizuri. Wengine huumwa mgongo, mikono au miguu, wengine hupata vipele vya ngozi. Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, imevimba na inauma, huenda ni maambukizi yanayohitaji antibaiotiki. Usipake mafuta na kungoja.

Hatari yake kubwa ya mwanzoni ni kalsiamu kushuka kwenye damu, hasa kwa wenye ugonjwa wa figo uliokomaa na walio kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Mwezi Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo lake la ngazi ya juu kuhusu wagonjwa hao. Kwa watumiaji wengi kalsiamu hushuka zaidi karibu siku ya 10 baada ya sindano, lakini kwa wagonjwa hao inaweza kushuka wiki kadhaa baadaye. Dalili zake: ganzi na vichomi vidogo vidogo kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, misuli kukakamaa, na ikizidi, degedege au mapigo ya moyo kwenda ovyo. Ganzi ya midomo baada ya sindano ni ya kwenda kupimwa damu leo, si kesho.

Sasa lile la tarehe. Denosumabu ikiisha mwilini, seli zinazokula mfupa, ambazo ilikuwa imezizuia, hurudi kwa wingi kuliko awali. Waliochelewa wamewahi kuvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo kwa mkupuo, bila kuanguka. Kwa hiyo:

- Siku unayochomwa, andika palepale tarehe ya miezi 6 ijayo, na omba miadi kabla ya kutoka mlangoni. Weka kikumbusho kingine wiki tatu kabla, maana dawa huenda ikahitaji kuagizwa.
- Kuchelewa siku chache si msiba. Usiruhusu ifike mwezi mzima.
- Ukitaka kuacha, kwa sababu ya maudhi au gharama, usiache tu kwa kutokwenda. Mwambie daktari akupangie bisfosfonati itakayoanza karibu miezi 6 baada ya sindano ya mwisho.
- Ukiambiwa sindano iahirishwe kwa ajili ya kung'oa jino au upasuaji, uliza hapo hapo: itachomwa lini, tarehe gani?

Sindano za kujenga mfupa, na raloksifeni

Teriparatidi huleta kizunguzungu ndani ya saa 4 za sindano, hasa dozi za kwanza, kwa sababu shinikizo la damu hushuka ukisimama. Jichome ukiwa umeketi karibu na kitanda, jioni kama inakufaa, na ukiamka usiku kwenda msalani keti ukingoni kwanza. Kuanguka kwa kizunguzungu ndicho hasa unachokikimbia. Misuli ya miguu ikikaza usiku, inyooshe kabla ya kulala. Kichefuchefu kisichoisha, choo kigumu na mwili kukosa nguvu kwa pamoja vinaweza kumaanisha kalsiamu imepanda, pima. Kalamu ya sindano hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, bila kugandishwa, na hutupwa siku 28 baada ya kuanza kutumika hata kama imebaki dawa. Na ukimaliza kozi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 24, lazima ifuate dawa nyingine ya kuulinda mfupa mpya, la sivyo unaupoteza.

Romosozumabu haipewi aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Kifua kubana, pumzi kukata, uso kulegea upande mmoja au maneno kutoka ovyo: dharura.

Raloksifeni huongeza joto la ghafla na jasho, na inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, hatari iliyo kubwa zaidi miezi 4 ya kwanza. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali moja kwa moja. Isimamishwe angalau saa 72 kabla ya upasuaji au hali yoyote itakayokulaza muda mrefu.

Taya na paja

Haya mawili ndiyo yanayowatisha watu kuliko yote, na ndiyo adimu kuliko yote. Yanahusu zaidi bisfosfonati na denosumabu.

Mfupa wa taya kufa: kwa dozi za osteoporosisi, makadirio ni kati ya mtu 1 na 10 kwa kila watu 100,000 wanaotibiwa kwa mwaka. Nenda kwa daktari wa meno kabla ya dozi ya kwanza, na kama kuna jino la kung'olewa ling'olewe, fizi zipone, ndipo uanze. Ukiwa tayari unatumia dawa, kusafisha na kuziba meno kuendelee kama kawaida. Mwambie daktari wa meno jina la dawa na umeitumia muda gani. Usaha kwenye jino usiuache kwa kuogopa kung'oa. Maambukizi yenyewe ni hatari kwa taya. Pengo lisilofunga, mfupa unaoonekana, ganzi ya kidevu au meno yanayolegea bila sababu vinahitaji kuonwa mapema.

Kuhusu paja: baada ya miaka kadhaa ya tiba, wachache hupata ufa kwenye mfupa wa paja, ambao hutangulia kuuma kabla haujakatika. Maumivu yake ni mazito, ya ndani, kwenye kinena au katikati ya paja, yanayozidi ukikanyaga, na huweza kudumu wiki au miezi. Wengi huambiwa ni nyonga au mgongo. Ukiyasikia, punguza kukanyagia mguu huo, acha dozi inayofuata ya bisfosfonati mpaka uonwe, na omba picha ya eksirei ya paja zima, miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi ufa huwa pande zote. Kwa denosumabu usiamue mwenyewe kuruka sindano, harakisha picha.

Hili si sawa na maumivu ya jumla ya misuli na viungo, ambayo bisfosfonati huweza kuleta siku, miezi au miaka baada ya kuanza. Yakiwa makali, dawa husimamishwa, na wengi hupata nafuu.

Huenda mkosaji ni kalsiamu

Choo kigumu, tumbo kujaa gesi na kubeua mara nyingi husingiziwa dawa ya wiki, kumbe ni vidonge vya kalsiamu vinavyomezwa kila siku. Kalsiamu kaboneti huhitaji asidi ya tumbo, hivyo imezwe pamoja na chakula, na isizidi miligramu 500 za kalsiamu halisi kwa mara moja. Soma kibandiko: miligramu 1,250 za kaboneti ni miligramu 500 tu za kalsiamu. Ikiendelea kukufunga choo, omba kalsiamu sitreti, ambayo haihitaji chakula na hutulia zaidi tumboni. Piga pia hesabu ya chakula. Lengo la siku ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa jumla, na anayepata 800 kutoka kwenye sahani hana haja ya vidonge vya 1,000 juu yake. Anayemeza dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, aiweke kalsiamu mbali nayo saa 4.

Ukienda kwa daktari

"Dawa imenikataa" haimsaidii daktari, na mara nyingi huishia kufutiwa dawa bila mbadala. Peleka karatasi yenye haya: jina na kipimo cha dawa, tarehe ya dozi ya kwanza na ya mwisho, tatizo lilianza saa au siku ngapi baada ya dozi, hudumu muda gani, maji kiasi gani unamezea na unakaa wima dakika ngapi, na dawa nyingine zote pamoja na unazonunua bila cheti. Kama umefikisha miaka 5 ya vidonge vya bisfosfonati au miaka 3 ya dripu, ongeza swali moja: je, naweza kupumzika? Asiye na hatari kubwa ya kuvunjika mara nyingi hupewa mapumziko, kwa sababu dawa iliyojikusanya mfupani huendelea kufanya kazi. Anayetumia denosumabu hana mapumziko ya aina hiyo, na mtu yeyote asimpe.